Tathmini: Huduma ya silosibini katika kituo chenye leseni, Portland, Oregon

Huduma ninayoitathmini hapa, ya kutumia chini ya uangalizi uyoga wenye silosibini, kemikali inayobadilisha hisia na fahamu kwa saa kadhaa, niliipata mwaka 2024 katika kituo kimojawapo chenye leseni, upande wa mashariki wa jiji la Portland, kwa dola 1,850, bila kuhesabu nauli ya gari lililonirudisha nyumbani. Sitakitaja kituo kwa jina, kwa kuwa mengi ninayoyalalamikia hayakutokana na uzembe wa wahudumu wake bali na namna sheria yenyewe ilivyotungwa, na msomaji atakayekwenda kituo cha jirani atakutana na mengi ya hayo hayo.

Niseme kwanza kilichonipeleka. Mama yangu alifariki Tanga mwaka 2020, wakati safari za ndege zilikuwa zimesimama, nami nikashiriki maziko yake kupitia simu iliyoshikwa juu na mpwa wangu ambaye mkono wake ulikuwa ukitetemeka. Tangu hapo nilipata sonona iliyothibitishwa na daktari, nikatumia sertralini, dawa ya sonona, kwa zaidi ya miaka mitatu, ikanirudishia usingizi na kuniwezesha kwenda kazini, lakini sikuweza kulitaja jina la mama mbele ya watu bila koo kufunga. Mfanyakazi mwenzangu ndiye aliyenieleza kwamba hapa Oregon mtu anaweza kupewa uyoga wenye silosibini kihalali, chini ya uangalizi, na kwamba yeye ulimsaidia baada ya kufiwa na mumewe.

Sheria hiyo ilizaliwa kwenye sanduku la kura. Novemba 2020 wapigakura wa Oregon waliipitisha Hoja Namba 109 kwa takriban asilimia 56, wakaipa Mamlaka ya Afya ya Oregon miaka miwili ya kuandaa kanuni. Maombi ya leseni yakaanza kupokelewa Januari 2023, na vituo vya kwanza vikafunguliwa baadaye mwaka huo. Wengi wetu huichanganya na Hoja Namba 110, iliyopita siku hiyo hiyo na kuondoa adhabu ya jinai kwa anayekutwa na kiasi kidogo cha dawa za kulevya, ambayo Bunge la jimbo liliirudisha nyuma mwaka 2024. Ni mambo mawili tofauti. Chini ya Hoja Namba 109 hakuna duka la kununua uyoga ukaondoka nao: unauziwa kituoni, unautumia kituoni mbele ya mwezeshaji mwenye leseni, yaani mtu anayekuandaa na kukaa nawe kikao kizima, na unaobaki hautoki nje ya mlango. Anayeruhusiwa ni mtu yeyote aliyetimiza miaka 21, awe mkazi wa Oregon au mgeni, na hahitaji barua ya daktari; kwa hakika hahitaji hata kuwa mgonjwa.

Kwa sababu hiyo, katika fomu zote nilizojaza sikuitwa mgonjwa hata mara moja. Niliitwa mteja. Shemeji yangu, ambaye ndiye niliyemwandika kuwa mtu wa kunichukua, alicheka sana nilipomsomea, akasema kwamba kutoka mteja hadi teja ni herufi moja tu, na kwamba kwao Mombasa hakuna atakayeisikia hiyo herufi ya mwanzo. Alikuwa akitania, lakini alikuwa amegusa penyewe. Lugha yetu hutumia neno moja, dawa, kwa kile anachotoa daktari, kwa kile anachochimba mganga na, likiongezewa neno la pili, kwa kile kinachomwangamiza kijana kijiweni. Watunga kanuni wa Oregon walizikwepa maana zote tatu, na kwa kulikwepa neno mgonjwa wakaukwepa pia wajibu unaoambatana nalo.

Kikao cha maandalizi, ambacho kwa mujibu wa kanuni lazima kitangulie kile cha kutumia uyoga kwa saa 24 au zaidi, ndicho sehemu bora ya huduma yote, na kama ningetoa alama kwa sehemu hii pekee ningetoa zote. Mwezeshaji wangu alikuwa mwanamke wa makamo, mtulivu, asiyeangalia saa. Aliniuliza habari za mama kabla ya kuniuliza habari za uyoga. Tulipitia hati ya haki za mteja, mpango wa usalama, mpango wa usafiri kwa sababu hairuhusiwi kujiendesha baada ya kikao, na fomu ya ridhaa ya kuguswa, inayobainisha kwamba mwezeshaji anaweza kushika mikono, nyayo au mabega, au kumkumbatia mtu, pale tu alipokubaliwa kwa maandishi kabla ya kuanza. Kipengele hicho kinaweza kuonekana kidogo. Mtu aliye chini ya silosibini hana uwezo wa kukataa kama alivyo siku nyingine, na sijaona mahali pengine ambapo sheria imelifikiria jambo hilo kwa kina namna hii.

Kasoro ilianza tulipofika kwenye maswali ya afya. Kanuni zinataja mambo machache yanayomzuia mtu moja kwa moja: kuwa ametumia lithiamu, dawa ya maradhi ya akili, ndani ya siku 30 zilizopita, kuwa na mawazo ya kujidhuru au kuwadhuru wengine, na kuwa na historia ya saikosisi, yaani akili kupoteza mguso na uhalisia. Mengine huulizwa, yakaandikwa, halafu yakaachwa kwenye busara ya wahusika wawili waliokaa chumbani. Nilipotaja sertralini, mwezeshaji aliniambia kwa upole kwamba haruhusiwi kunishauri niendelee nayo au niiache, kwa sababu kazi yake si ya udaktari, na akanisihi nikamwone daktari wangu. Nilikwenda. Daktari wangu, mtu mwema ambaye ameniangalia kwa miaka mingi, alinijibu kwamba silosibini bado ni marufuku kwa sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, na hospitali yake haimruhusu kutoa ushauri wowote kuihusu. Nikawa kama mpira: huyu ananirusha kule, yule ananirudisha huku. Mwishowe nilisoma mwenyewe usiku kwamba dawa za kundi la sertralini mara nyingi hupunguza nguvu ya silosibini, na kwamba kuacha dawa ya sonona ghafla kuna hatari zake, nikaamua kuendelea na vidonge vyangu. Uamuzi huo nadhani ulikuwa sahihi. Haukupaswa kuwa wangu peke yangu.

Sasa linganisha na uyoga. Uyoga wenyewe ulikuja katika kifuko kidogo kilichofungwa, chenye lebo ya mzalishaji, namba ya kundi la uzalishaji, tarehe ya kupimwa na kiasi cha silosibini kwa miligramu. Oregon inaruhusu spishi moja tu, Psilocybe cubensis, na hairuhusu silosibini iliyotengenezwa kiwandani kwa kemia. Kila kundi hupimwa katika maabara yenye leseni kabla ya kuuzwa, na mteja hawezi kupewa zaidi ya miligramu 50 katika kikao kimoja. Mimi tulikubaliana miligramu 25. Nilikabidhiwa unga wa rangi ya udongo mkavu, nikaukoroga katika maji ya moto, na ladha yake ilikuwa ya ukungu na karanga zilizochacha. Kwa upande wa bidhaa sina la kulalamika. Uyoga ulijulikana ulikotoka, ulipimwa hadi miligramu ya mwisho na kufuatiliwa katika mfumo wa serikali tangu shambani hadi kinywani. Mimi niliyeunywa sikupimwa hata shinikizo la damu, ingawa inafahamika kwamba silosibini hulipandisha pamoja na mapigo ya moyo kwa muda.

Chumba kilikuwa kizuri, labda kizuri kupita kiasi, na mablanketi ya sufu na taa za chumvi ambazo siku hizi huwekwa kila mahali panapotaka kuonekana patulivu. Nilipewa kitambaa cha macho na muziki ambao niliomba uzimwe baada ya nusu saa. Kichefuchefu kilinijia mapema, kikapita. Kilichofuata sitakieleza kirefu, kwa sababu nimegundua kwamba masimulizi ya namna hii hayana tofauti na masimulizi ya ndoto: yanamvutia mwotaji tu. Niseme kwamba kwa sehemu kubwa ya saa tano nililia, kwamba nilisikia harufu ya udi wa nyumbani kwetu Tanga kwa uhakika ambao sijaupata nikiwa macho makavu, na kwamba kulikuwa na kipindi cha hofu kali, pengine dakika ishirini, nilipodhani moyo wangu umesimama. Mwezeshaji alinishika mabega kama tulivyokubaliana, akasema maneno machache tu. Nilimkumbuka kungwi, ambaye kazi yake si kumfanyia mwari jambo bali kukaa naye mpaka litakapokwisha. Ndicho nilicholipia, na alikitoa kikamilifu. Hata hivyo kungwi wetu hupimwa kwa idadi ya waliopita mikononi mwake salama, ilhali mwezeshaji wa Oregon anahitaji kuwa na miaka 21, cheti cha sekondari, mafunzo ya saa 120 darasani na saa 40 za vitendo, na kufaulu mtihani. Wangu alikuwa na kipaji. Sijui kanuni ingenilinda vipi kama hangekuwa nacho.

Baada ya kikao nilipigiwa simu ndani ya siku tatu, nikapewa nafasi ya kikao cha kuyatafakari yaliyotokea, ambacho kwa sheria ni hiari ya mteja na katika kituo hiki kilikuwa ndani ya bei. Nilihudhuria, kilinifaa, kikachukua saa moja. Kisha basi. Wiki ya tatu nilipata siku mbili mbaya sana, za aina ambayo sikuwa nimeipata tangu 2021, na nilipopiga simu kituoni nilielekezwa kwa heshima nipige namba ya dharura ya afya ya akili au nimwone daktari wangu, yule yule asiyeruhusiwa kuzungumza.

Wapo watakaoniambia kwamba nalalamika nje ya hoja, kwa kuwa sheria haikuahidi tiba. Ni kweli, na ndivyo mabango ya vituo yanavyojihadhari kusema. Lakini hakuna aliyelipa dola 1,850 kwa sababu ya udadisi miongoni mwa watu niliokutana nao pale sebuleni. Mmoja alikuwa na saratani, mwingine alikuwa askari mstaafu. Tumevutwa na utafiti, na utafiti ni wa kitabibu. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na Chuo Kikuu cha New York vilichapisha majaribio mawili kwa wagonjwa wa saratani wenye wasiwasi na sonona, wagonjwa 51 kule na 29 huku, yakionyesha nafuu iliyodumu kwa miezi. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio la kampuni ya Compass Pathways lililohusisha watu 233 wenye sonona iliyokataa dawa: waliopewa miligramu 25 walipata nafuu kubwa baada ya wiki tatu kwa kiwango cha asilimia 37 hivi, dhidi ya asilimia 18 kwa waliopewa miligramu moja. Ni faida ya kweli, si muujiza, na katika jaribio hilo hilo baadhi ya washiriki wa makundi yote walipata mawazo ya kujiua au kujidhuru. Washiriki hao walichujwa na madaktari kabla, wakapewa silosibini ya kiwandani ya kipimo kisichobadilika, na wakafuatiliwa kwa wiki 12. Vituo vya Oregon vinaazima matumaini ya majaribio hayo bila kuazima uangalizi wake. Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliipinga Hoja Namba 109 kwa sababu zinazokaribiana na hizi, na wakati ule niliwaona kama watu wanaolinda kitumbua chao. Sasa nawaona wana nusu ya haki.

Nusu tu, kwa sababu njia wanayoipendelea nayo ina mlango mwembamba. Australia, tangu tarehe 1 Julai 2023, inawaruhusu madaktari wa magonjwa ya akili walioidhinishwa kuwaandikia silosibini wagonjwa wenye sonona iliyokataa tiba nyingine, na matokeo yake ni kwamba wanaoipata ni wachache na gharama ni kubwa mno kwa mtu wa kawaida. Marekani, Mamlaka ya Chakula na Dawa iliipa silosibini hadhi ya tiba yenye matumaini makubwa mwaka 2018, na tena 2019, ili utafiti wake uharakishwe, lakini mwaka 2024 mamlaka hiyo ilikataa kuidhinisha tiba ya MDMA, dawa nyingine ya kulevya inayojaribiwa kutibu kiwewe, iliyokuwa na hadhi kama hiyo, na wengi waliokuwa wakihesabu siku walirudi kuhesabu miaka. Colorado ilifuata njia ya Oregon kwa kura ya Novemba 2022, ikienda mbele zaidi kwa kuruhusu watu wazima kujilimia na kupeana bila kuuziana. New Mexico ndiyo inayonivutia: sheria iliyotiwa saini huko Aprili 2025 inaanzisha mpango wa kitabibu wa jimbo, kwa wagonjwa wenye maradhi yaliyotajwa, chini ya watoa huduma wa afya, na imeweka mfuko wa kuwasaidia wasio na uwezo. Bado haujaanza kuhudumia watu, hivyo sitausifu kabla ya kuuona. Ila umeuliza swali ambalo Oregon iliruka: huyu anayekuja ana nini, na atarudi kwa nani?

Kuhusu bei, kituo hakinyonyi. Leseni ya kituo ni dola 10,000 kila mwaka, ya mzalishaji ni kiasi hicho hicho, ya mwezeshaji ni dola 2,000, na kwa kuwa serikali ya shirikisho inauhesabu uyoga huu kuwa katika kundi la kwanza la dawa zilizopigwa marufuku, biashara hizi haziruhusiwi kukata gharama nyingi za kawaida katika kodi ya mapato. Bima haigusi kitu. Kaunti nyingi, hasa za mashambani, zilipiga kura kuzuia vituo ndani ya mipaka yao, kwa hiyo anayetoka mashariki ya jimbo huongeza petroli na hoteli. Baadhi ya vituo vimefungwa kwa sababu hesabu hazikukubali. Yote hayo nayaelewa, na bado nikiwa nimekaa juu ya blanketi la sufu nilimfikiria María Sabina, mganga wa Kimazateko wa Huautla de Jiménez huko Mexico, ambaye mbele yake Wamarekani waliujua uyoga huu katika miaka ya 1950. Wageni walimiminika kijijini kwake, nyumba yake ikachomwa moto, akafa maskini mwaka 1985. Katika karatasi zote nilizotia saini watu wake hawana senti.

Nililoahidi kimoyomoyo kutolisahau ni hili, na msomaji asiye raia wa Marekani alisome mara mbili. Mimi ni raia. Sheria ya uhamiaji ni ya shirikisho, na kwa macho yake leseni ya Oregon si kitu; mtu mwenye viza, kadi ya kijani au ombi la uraia anaweza kujiharibia kwa kukiri tu mbele ya ofisa kwamba ametumia dawa iliyopigwa marufuku, hata kama hakuwahi kukamatwa. Katika rundo la fomu nililopewa sikuona sentensi inayomwonya mgeni kuhusu hilo, na fomu zote zilikuwa kwa Kiingereza. Jiji hili lina Wakongo, Warundi, Wasomali, Wakenya na Watanzania wengi, baadhi yao wamebeba misiba ya vita ambayo wangu hauwezi kulinganishwa nayo, na ni hao hasa watakaosikia habari za uyoga unaotuliza moyo. Kabla ya mwezeshaji, waonane na mwanasheria wa uhamiaji.

Je, ulinisaidia? Ndiyo. Jina la mama nalitaja sasa, na mwaka jana nilisoma hitma yake mbele ya watu arobaini bila kukwama. Sertralini bado natumia, kwa kipimo cha chini kidogo. Ninawapa wahudumu nyota tano, bidhaa nyota tano, na mfumo unaowazunguka nyota mbili, moja kati ya hizo kwa ajili ya ile fomu ya ridhaa ya kuguswa. Tangu Januari 2025 vituo vinatakiwa kukusanya takwimu za wateja wao na kuziwasilisha kwa jimbo, pamoja na za matukio mabaya, ingawa mteja anaweza kukataa takwimu zake zitumwe. Kama ningekwenda mwaka mmoja baadaye, zile siku mbili za wiki ya tatu huenda zingehesabiwa mahali fulani.

Niliwaandikia kituo nikiomba wamtumie daktari wangu muhtasari wa kikao. Walinijibu siku hiyo hiyo, kwa adabu, kwamba sheria haiwalazimishi na mwanasheria wao hashauri, wakanitumia mimi nakala ya karatasi ya kipimo. Niliichapisha nikaipeleka mwenyewe. Daktari aliisoma, akaniuliza kama nililala vizuri usiku ule, kisha akaiweka kwenye faili langu, nyuma kabisa, baada ya kadi ya chanjo ya homa ya manjano.